Baba, Kuhusu Vile Vitunguu Kabatini

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo halafu nikainua kalamu, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Ni mazoea tu. Huu ni mwaka wa pili, na bado nikishuka kwenye gari hapa Tlawi macho yangu yanakwenda kwanza mlangoni pa karakana yako, ndipo yanakwenda nyumbani.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi lako la kazi. Nimefuta vumbi kwa gauni langu, usinigombeze. Mama yuko nje anachambua maharage kwa ajili ya wageni, maana kesho ni misa ya kukuwekea msalaba. Anadhani naandika maombi ya kusoma kanisani, nami nimemwacha adhani hivyo.

Nianze na habari za nyumbani. Tumehama mkoa bila kuhama nyumba. Wametutoa Arusha, sasa sisi ni Manyara, na makao makuu yako Babati. Baba mdogo Tarmo anasema ungebishana na mwenyekiti wa kijiji wiki nzima, halafu mwishoni ungeuliza kama ofisi mpya zina milango. Simu za mkononi zimefika pia, lakini mtandao unapatikana kule juu nyuma ya kanisa tu, kwa hiyo ukipita utawakuta watu wazima wamesimama kwenye kichuguu wanapiga kelele peke yao. Na mjini Mbulu siku hizi kuna makabati ya dukani, yale ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Jirani yetu amenunua moja. Limevimba mlango kabla hajamaliza kulisifu. Wewe ungeligonga kwa kidole mara moja, ukatoka nje.

Habari zimetosha. Najizungusha tu, nawe unanijua nikijizungusha nina nini. Nataka kusema kuhusu vile vitunguu.

Unakumbuka makabati yalivyoanza. Nilipokuwa mdogo hakuna mtu aliyekuja kwako kutaka kabati la nguo. La nini? Mtu alikuwa na shati mbili, moja mwilini na nyingine kwenye kamba, na Jumapili zinabadilishana kazi. Ulitengeneza vitanda, milango, meza za shule. Kisha serikali ikafungulia biashara, marobota ya mitumba yakaanza kushushwa mnadani, na kila mwalimu wa Gehandu, kila karani wa Balangdalalu, akajikuta ana nguo nyingi kuliko misumari ya ukutani kwake. Wakaja kwako wote. Ukapata jina. Kabati la Fundi Bura haliingii vumbi, haliingii moshi, haliingii panya.

Najua kwa nini halikuingia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kipimo chako. Ulikuwa unaniingiza ndani, unafunga milango yote miwili, halafu unauliza kwa nje: "Basilisa, unaona mwanga?" Nikisema naona kidogo upande wa bawaba, unafungua, unapitisha randa mara mbili tatu, unanifungia tena. "Sasa?" Nikisema giza, unacheka. Sikuwahi kukudanganya, Baba. Hata siku ile nilipokuwa na njaa na Mama ameshapakua ugali, nilikuambia bado naona mwanga, na tukarudia mara nne.

Nilipopangiwa kazi ya uuguzi Pangani, wewe ulifuata ngazi. Ulipanda juu ya dari ukashusha mbao za mtarakwa ulizokuwa umezikausha huko kwa miaka. Mama alikuwa anajua zile ni za kitanda chenu. Alikutazama, akaenda kuteka maji. Nyumba nzima ilinukia mtarakwa kwa mwezi, hata maziwa yalikuwa na ladha yake. Ukasema mdudu wa nguo hapendi harufu hiyo, na kwamba mtoto wako hawezi kwenda kuishi kwa watu akitoa nguo kwenye mfuko wa rambo. Kabati likapanda lori la maharage mpaka Tanga, limefungwa mablanketi mengi kuliko mimi niliyekaa mbele na dereva. Na siku ya kuondoka ukaniagiza kitu kimoja tu. "Ukishaweka nguo, funga. Usiliache wazi."

Nikafunga.

Sijui nikueleze vipi hewa ya kule, wewe uliyezaliwa na kukulia huku kwenye ubaridi mkavu. Ulikuja wakati wa kiangazi, hukuona. Masika ikiingia Pangani, chumvi inakuwa tope kwenye kikopo. Kiberiti hakiwaki. Shuka unalolalia ni kama limepita mikononi mwa mtu aliyetoka kunawa. Na mimi, msichana wa Tlawi, nikafanya yale tunayoyafanya huku. Nguo nazianua jioni, kwa sababu kwetu hata jioni nguo ni kavu. Nazipiga pasi, nazikunja zikiwa bado na joto, naziweka kwenye nailoni, nazibananisha kwenye rafu, nafunga kwa ufunguo. Kabati nimelisukuma mpaka ukutani, likagusa chokaa, ili panya asipate njia.

Wiki ya tatu nilifungua nikapigwa na harufu. Uvundo. Viatu vyangu vya kanisani vilikuwa vimeota kitu cha kijani. Sweta alilonifumia Mama lilikuwa na manyoya meupe, laini, nikadhani ni vumbi, nikapuliza, hayakutoka. Na magauni yangu ya kazini, yale meupe, yalikuwa na vidoa vyeusi vidogovidogo kila mahali, kama mtu ameyanyunyizia wino. Nilifua, nikachemsha, nikaanika, havikutoka. Nilikwenda nayo wodini hivyohivyo kwa sababu sikuwa na mengine, na mkuu wa wodi aliniita pembeni akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna sabuni.

Unajua nilifanya nini? Nililifunga zaidi. Nilichana magazeti nikaziba pembezoni mwa milango. Mimi ninayewaambia akina mama kila siku wafungue madirisha, kidonda kiachwe kipate hewa, nilikaa chumbani nikiziba kabati kwa magazeti. Ilikuwa hasira. Nilidhani kuna kitu kinaingia kutoka nje, kumbe nilikuwa nakifungia mimi mwenyewe ndani, kila jioni, pamoja na nguo.

Jirani yangu, Mama Zuhura, ndiye aliyeniambia jina la ule uchafu. Wanaita kawa. Aliliona gauni kambani, akalisogeza kwenye jua, akacheka mpaka akashika kiuno. "Nesi, wewe wa bara kweli. Nguo unazifungia kama samaki wa kusafirisha! Huku nguo zinataka upepo." Nilinuna. Nilidhani anakusema wewe.

Sasa sikiliza, Baba, hapa ndipo pananichoma. Ningekuandikia barua ya mistari mitano, mambo yangeisha. Badala yake niliandika kila mwezi, "Kabati linaendelea vizuri." Kama mgonjwa! Linaendelea vizuri, linawasalimu.

Nilishindwa kwa sababu unajua kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba kazi ya mikono yake imeharibika. Jambo la namna hiyo linapitia kwa mtu. Ningemwandikia Baba mdogo Tarmo, naye angekuja jioni moja, akakaa, akaulizia ng'ombe, akaulizia mvua, akamaliza chai, ndipo akasema kwamba amesikia kule pwani hewa ina maji, sijui makabati ya huko yanatengenezwaje. Nawe ungeelewa, na hakuna ambaye angekuwa amekukosea heshima. Njia ilikuwepo, naijua tangu utotoni. Sikuipita. Niliona aibu hata kwa Baba mdogo. Nikajiambia, yuko mbali, hataona kamwe, kwa nini nimuumize mzee wa watu.

Nikanunua kamba, nikatundika nguo zangu katikati ya chumba. Kabati lako nikalitoa nje, kwenye kibaraza cha nyuma, karibu na jiko. Nikaweka vitunguu. Na sufuria, na mkaa chini kabisa, lakini zaidi vitunguu.

Halafu ukaja.

Hukuniambia unakuja kwa sababu gani, uliandika tu kwamba unataka kuniona. Mama ndiye aliyeniambia baadaye ulivyomjibu alipokuuliza utafuata nini mbali hivyo na miguu hiyo. Ulimwambia, "Nataka kuona limekaaje." Siku mbili barabarani, mzee mwenye miguu inayovimba, na mfuko wako wa vifaa begani kana kwamba Pangani hakuna msumari, ili uone kabati limekaaje chumbani kwa mtoto.

Nilikukuta mlangoni nilipotoka kazini. Shikamoo, marahaba, tukaingia. Ulitazama chumba. Ulitazama kamba na nguo zangu zinaning'inia. Ulinywa maji, ukaomba kuonyeshwa choo, na choo kiko nyuma. Nikakaa pale kwenye kiti, nikijua utapita wapi.

Ulirudi polepole. Ulikaa. Ukasema kwa sauti yako ileile ya kawaida, "Vitunguu havihitaji bawaba, mwanangu."

Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe. Nilicheka kwa aibu nikasema, "Chumba ni kidogo, Baba, halikutosha." Uliinua macho ukakitazama chumba, wewe ambaye hujawahi kuhitaji futi kujua ukubwa wa kitu. Makabati mawili yangeingia pale na nafasi ikabaki. Ulijua nimesema uongo, na hukujua kwa nini, kwa hiyo ukajaza sababu mwenyewe. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kimechoka. Utakuwa umedhani nini? Kwamba nimepata mshahara na sasa naona kazi ya kijijini ni ya kuwekea vitunguu?

Asubuhi yake nilikukuta kibarazani umechuchumaa mbele ya kabati. Nikatumaini unalikagua, utagundua, utasema. Ulikuwa unatia mafuta bawaba. Umevitoa vitunguu vyote ukavipanga sakafuni kwenye gazeti, unatia mafuta, unafungua na kufunga, unafungua na kufunga, kisha ukavirudisha kimoja kimoja. Nilisimama nyuma yako. Nikakuuliza kama unataka chai.

Ulikuja kwa wiki mbili ukakaa siku tatu. Ulisema mbuzi wanazaa. Nilikusindikiza mpaka kwenye basi na mfuko wa vifaa ambao haukufunguliwa isipokuwa kwa kile kichupa cha mafuta. Na ndani ya mfuko ule, Baba, ilikuwemo keekee yako ya kutobolea.

Simu ilipigwa hospitalini miezi michache baadaye. Kiharusi. Walisema ulianguka karakanani asubuhi na hukusema tena. Nilifika siku ya mazishi, watu wameshajaa, sikupata hata muda wa kukaa nawe peke yangu. Nilikushika mkono. Ulikuwa na gundi iliyokauka kwenye kucha ya dole gumba, waliokuosha hawakuweza kuitoa. Nilishukuru hawakuweza.

Baba mdogo Tarmo ndiye aliyeniambia, siku ya tatu ya matanga. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anakusifu. Alisema ulikuwa na msimamo, kwamba tangu urudi pwani ulikataa kazi za makabati. Mwalimu mmoja alitoka Gehandu kwa baiskeli, na mbao zake ameshanunua, ukamwambia atafute fundi mwingine. "Mimi sitengenezi kabati tena. Mwanangu mwenyewe anawekea vitunguu." Alisema ulilisema huku unacheka. Baba mdogo naye akacheka akinisimulia, akidhani nami nitacheka. Nilitoka nje nikashika ule ukuta wa zizi, mpaka Mama akaja kunichukua.

Kwa hiyo ulikufa ukiamini hivyo. Siwezi kulizunguka. Watu wa kanisani wananiambia marehemu wanajua yote, nami najibu amina, lakini mimi nilikuona ukirudisha vile vitunguu na sijui kama mtu huyo alijua chochote.

Nikaomba keekee yako. Wengine waligawana misumeno, Baba mdogo akachukua randa, mimi nikachukua keekee, wakaona ajabu. Nilirudi nayo Pangani, nikatoa vitunguu, nikalivuta kabati kwenye jua. Mama Zuhura alinisaidia. Tulilifuta ndani kwa siki, tukaliacha wazi mchana kutwa, na ile harufu ya mtarakwa ikarudi, nikalia mbele ya watu. Kisha nikatoboa. Tundu la kwanza lilikwenda upande, ungelificha kwa nta. Nilitoboa sita chini kwenye ubao wa nyuma na sita juu, ili hewa iingie huku itokee kule. Nikaliweka juu ya vipande vinne vya tofali, nikaliacha mbali na ukuta upana wa kiganja. Nguo siku hizi naanua mchana, jua likiwa bado kali, na nikipiga pasi naziacha nje zipoe kabisa. Nailoni nimetupa zote. Sizibananishi. Chini nimeweka mkaa kwenye kopo lililo wazi, unakunywa maji ya hewa, nao naubadilisha ukichoka. Na kila siku isiyo ya mvua, nikiwa nyumbani saa za mchana, nafungua milango yote miwili upepo upite.

Masika mbili zimepita. Hakuna kawa. Hakuna hata doa moja, Baba! Wauguzi wenzangu waliotoka bara wanakuja kuliangalia. Mmoja wa Singida ametoboa lake kwa msumari wa moto.

Unajua kazi yote ile ilinichukua muda gani? Saa moja. Mimi, nisiyejua kushika patasi. Wewe ungemaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Ungelizunguka mara moja, ungesema "kumbe," ungetoa keekee mfukoni, na jioni ile ungekaa kitandani kwangu ukilitazama kabati lako limesimama mahali pake. Ungekaa zile wiki mbili. Ungewatobolea na majirani. Ungerudi Tlawi na habari ya kumtesa nayo Baba mdogo mwaka mzima, kwamba kule pwani nguo zinalala mlango wazi. Nilikunyima hayo yote kwa heshima. Heshima ndilo jina nililoupa ukimya wangu wakati ule. Ilikuwa woga.

Kwa hiyo kesho, baada ya padri kubariki msalaba, watakapouliza kama kuna mwenye neno, nitasimama. Mama hajui. Nitasema mbele ya Baba mdogo, mbele ya yule mwalimu wa Gehandu kama atakuja, mbele ya wote waliosikia ile habari ya vitunguu wakacheka. Nitasema kabati la Fundi Bura halikuwa na kosa lolote, lilitengenezwa vizuri kwa ajili ya hewa ya hapa, na kwamba baba yangu aliniuliza linaendeleaje nami nikamwambia uongo. Najua si kawaida. Najua baadhi ya wazee watatazama chini. Watazame.

Na ninakuahidi jingine, dogo. Mtoto nikimpata, nitamlea aweze kuniambia usoni kwamba nimekosea, hata nikiwa mzee mwenye kiburi cha kazi yangu. Atanisalimia kwanza, shikamoo yangu siiachii, lakini baada ya hapo aseme.

Mama ananiita, maharage yamekwisha kuchambuliwa. Barua hii nitaifukia kesho kwenye mchanga, pale chini ya msalaba, kabla hawajamwaga zege.

Baba, nimekuja kukujibu. Limekaa vizuri. Liko chumbani, upande wa kichwa cha kitanda, na nguo zangu zote zimo ndani.

Mtoto wako,
Basilisa